Mama wa Tabitha Hasemi Kitu

Mwanangu Jerida,

Nimekaa jikoni kwa memsahibu. Watoto wake nimekwisha kuwalaza, na wenyewe wamekwenda sinema mjini. Nikichungulia dirishani nakuona kule chumbani kwetu unapita na kurudi, unafungua sanduku, unalifunga, unalifungua tena. Acha, mama. Kila kitu kimo. Habari za blanketi, za mafuta ya kupaka na za kutomwazima mtu kitana chako nimezisema mpaka baba yako akaomba ruhusa ya kutoka nje kuvuta hewa, kwa hiyo humu hutazikuta.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya vitabu vyetu mimi na wewe. Kwa lugha ya nyumbani ningeanza kulia kabla sijafika mstari wa pili, na karatasi yenyewe nimeiomba kwa memsahibu, si vizuri kuilowesha.

Juzi tukipiga pasi uliniuliza jambo. Senge yako Doroka alikuwa ametoka kwenda kuota jua, tukabaki wawili tu, nawe ukasema bila kuinua macho, "Mama, wewe uko upande gani?" Nikakuambia ulete makaa. Uliyaleta, ukayatia ndani ya pasi moja moja, hukuuliza tena. Lakini tangu hapo ukiniita "Mama" naona kama unamwita karani wa posta. Nimesikia, Jerida, na imeniuma.

Hali unaijua, lakini acha niiandike nione kama nami nimeielewa. Kesho unapanda treni kwenda chuo cha ualimu. Senge ametumwa na ndugu za baba yako aje aseme usiende, maana yule kijana karani wa stesheni ameleta posa na wazee wake hawataki kungoja. Kwetu, senge akisema juu ya ndoa ya binti wa kaka yake, watu hukaa chini wakasikiliza. Baba yako anataka uende, lakini hatamvunjia dada yake mkubwa heshima. Alichosema ni kwamba kama mama wa mtoto ana neno, alitoe. Na mama wa mtoto, alipoulizwa, akaagiza makaa.

Sasa jibu ninalo. Nitakupa humu humu, ila lazima nipitie vitabuni kwanza, kwa sababu ndiko nilikolipatia.

Wewe ulikuwa mdogo sana baba yako alipoanza kazi ya kushona vitabu na kuvitia majalada, pale kiwandani karibu na bazaa. Vitabu vilivyoharibika, vyenye kurasa zilizorukwa au zilizopinduliwa kichwa chini, msimamizi aliwaachia wafanyakazi wakawashie moto. Baba yako hakuweza kuvichoma. Alikuja navyo kwa baiskeli kupitia Ngong Road, amevifunga nyuma kwa mpira, akavipanga chini ya kitanda mpaka kitanda kikainuka upande mmoja. Vingi vilikuwa hadithi za vijana: wasichana waliotoroka, wavulana waliofaulu, mayatima, mama wa kambo, walimu wenye huruma.

Mimi nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, na katika nyumba hizi za watumishi hapa Woodley hakukuwa na mwanamke mwingine aliyejua kusoma. Basi Jumamosi mchana, mabwana wakienda klabu, tulikusanyika kwenye karo la kufulia. Wengine wanapiga pasi, wengine wanachambua mboga, nami nasoma. Mama Njeri alikuja kutoka Riruta na kabichi zake, akishaziuza anakaa kwenye gunia tupu kusikiliza. Miaka ile ya Hali ya Hatari lango la kijiji chao lilifungwa mapema kwa amri ya serikali, kwa hiyo akinihimiza, "Soma haraka, Mama Jerida, mimi nitafungiwa nje na sijui kama huyu msichana amepona," ilinibidi niharakishe uponyaji.

Unakumbuka Zipora? Zipora wa Ng'ambo ya Mto, yatima anayeteswa na mama wa kambo. Kitabu chetu kilifika mahali amesimama ukingoni mwa mto, kisanduku mkononi, na mwalimu Yohana anamwita kutoka nyuma, "Zipora! Zipora, ngoja!" Nikafunua ukurasa, nikakuta sura nyingine kabisa: Zipora yuko katikati ya watoto wengi wanacheka. Zilizokuwa katikati hazikushonwa. Wanawake wamenikodolea macho. Sasa mimi ningefanya nini? Nikamwoza. Nikamgeuza Zipora, nikamrudisha mbio kwa mwalimu Yohana, nikawafungisha ndoa kanisani na keki na nyimbo, na wale watoto wengi wakawa wa kwake.

Siku ile nilipigiwa vigelegele kama bibi harusi ni mimi. Ndipo nikanogewa. Mwanzo nilijaza kurasa zilizokosekana tu, halafu nikaanza kujaza hata palipokuwa pamejaa. Mama wa kambo nilimtia majipu. Yule mlevi aliyeuza shamba la Zipora nilimtumbukiza chooni, akatolewa kwa kamba. Hakuna mwandishi aliyeandika hayo. Mwandishi alikuwa amewaacha wote wawili salama na afya zao, jambo ambalo mimi sikuliona kuwa haki.

Halafu ukaenda shule, ukakikuta kile kitabu kizima. Ulikuja likizo, hujavua hata viatu, ukasimama pale karoni mbele ya watu, machozi na kamasi usoni. "Hakuolewa! Mama, Zipora hakuolewa! Alivuka mto!" Wale watoto walikuwa wanafunzi wake. Alikuwa amevuka, akasoma, akafungua shule.

Mama Njeri akauliza kwa wasiwasi, "Na majipu, je?"

"Hakuna majipu!"

"Na yule ya choo?"

"Hakuna choo!"

"Basi hiyo kitabu ya shule ndio imeharibika," akasema Mama Njeri. "Yetu ilikuwa nzuri."

Watu walicheka mpaka pasi zikapoa. Wewe hukucheka. Ulininyang'anya kiti tangu siku hiyo, ukawa wewe msomaji, nami nikarudi kwenye ubao wa kupigia pasi na wenzangu. Nami nakuambia leo kwamba hasira yako niliielewa, ila Zipora mwenyewe sikumsamehe. Kwa miaka nilimwona mpumbavu. Msichana gani anamwacha mwalimu Yohana, mtu mpole, ana baiskeli, hanywi? Tulibishana habari hiyo mimi nawe mpaka baba yako akasema nyumba ina wanawake watatu na mmoja wao hajawahi hata kuzaliwa. Ulisema, "Mama, hukumuuliza anataka nini." Nikakujibu kwamba mtu wa kitabuni haulizwi. Uliondoka ukipiga mlango, na kusema kweli uliupiga vizuri sana.

Baba yako naye alikuwa na wake. Yeye alimpenda Elia, yule kijana wa Elia na Kazi Yake, anayeamka kabla ya jogoo, anaoga maji baridi, anasaidia vikongwe, anafaulu kila mtihani. Mimi Elia alinichosha. Mtu hana hata siku moja aliyolala njaa akamsema vibaya jirani yake! Hapigi hata chafya. Nilimwambia baba yako kwamba kijana wa namna hiyo akija kuposa hapa nitamfungulia mbwa wa memsahibu. Lakini yeye akaanza kuamka gizani kukimbia mpaka barabarani na kurudi, aoge maji baridi kama Elia. Siku ya nne aliteleza karoni akakaa kwenye beseni la nguo zilizoloweka, mashuka ya bwana yakamzunguka shingoni. Nilimtoa mimi. Tangu hapo Elia hajatajwa sana nyumbani kwetu.

Nakukumbusha haya kwa sababu huko uendako utakutana na akina Elia, hasa miongoni mwa walimu, na mara nyingine wewe mwenyewe utataka kuwa yeye. Miaka yangu ya kwanza hapa Nairobi nilijaribu. Nilitaka memsahibu asinione nimekosea hata kidogo. Nilivunja kikombe nikakifukia nyuma ya boma, nikawa siwezi kupita mahali pale bila moyo kwenda mbio, kwa kikombe tu. Nilipokuja kumwambia aliniambia hata hakukipenda. Nilikuwa nimepoteza usingizi mwingi bure, Jerida, na usingizi ni kitu ninachokipenda sana.

Lakini kosa langu kubwa lilitoka kwenye ule ufundi wangu wa kujaza kurasa. Niliuchukua nikauleta kwa watu wazima walio hai. Mama Njeri alipoanza kuja hapa, nilimsalimu asubuhi mbili tatu, hakuitika. Basi. Nikamaliza hadithi yake yote papo hapo: mwanamke mwenye kiburi, anadharau watu wa kutoka magharibi, mumewe lazima ana shida naye, na kabichi zake bila shaka zina wadudu. Nilinunua kabichi mbali, nikizibeba juani, kwa miezi. Siku moja nikapita upande wake wa kushoto, akaniitikia kwa furaha kama tumelelewa pamoja. Sikio lake la kulia halisikii tangu utotoni. Ndiyo hiyo tu, sikio. Leo ndiye rafiki yangu kuliko wote katika mji huu, na bado nikikumbuka zile kabichi za mbali naona aibu na kicheko vinakuja pamoja.

Na wewe pia nimekujaza, mwanangu. Nilikuwa nimekwisha kukuandikia. Yule kijana wa stesheni alipokuja mwaka jana na barua ya wazee wake, amevaa tai, akasimama mlangoni mpaka akaambiwa kaa, mimi nilimpenda pale pale. Ni mpole, ana kazi, na alimsaidia baba yako kutengeneza cheni ya baiskeli bila kuvua tai. Usiku ule nilikufungisha ndoa kichwani mwangu, nikakupa nyumba ya mabati karibu na stesheni, nikakupa kuku, nikafikia hadi mtoto wa pili. Hukuwa umefungua mdomo hata kusema kama unampenda. Baadaye ulisema unampenda, na kwamba chuo unakitaka zaidi, na kwamba akiweza kungoja angoje. Nilikusikia vizuri. Ila nilikuwa nimeshawapa wale kuku majina.

Sasa nikuambie habari ambayo sijawahi kukuambia sawasawa. Unajua niliacha shule darasa la nne. Hujui ilivyokuwa. Nilikuwa wa pili katika darasa la wavulana, msichana ni mimi peke yangu. Mwalimu alikuja nyumbani kuomba niendelee. Baba yangu na ndugu zake wakakaa uani wakazungumza, nami nikasimama mlangoni mwa jikoni namtazama mama yangu. Alikuwa anasonga ugali. Alisonga, akasonga, ule ugali ulikuwa umeiva zamani. Hakusema neno. Sikumchukia, na nikaolewa na baba yako ambaye ni mtu mwema, nawe ukaja, kwa hiyo usinihurumie. Nilibahatika. Lakini nilimngoja aseme, na mpaka anakufa nilikuwa bado namngoja kidogo.

Basi tuje leo. Ulikwenda Riruta kumuaga Njeri, ukakiacha mezani kile kitabu alichokununulia baba yako kwa ajili ya safari, Binti wa Mwashi. Kitabu kizima cha dukani, kurasa zote, kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu. Ulikuwa umetusomea mpaka pale Tabitha amefaulu mtihani na baba zake wadogo wamekuja kukaa kikao. Sasa Jumamosi imefika, watu wako karoni, na ni nani alikuwa wa kwanza kwenye kigoda? Senge. Yeye aliyesema siku ya kwanza kwamba vitabu vya hadithi ni uongo uliopigwa chapa. Alikuwa ameshafagia, na chai yake mkononi.

"Leo nani anasoma?" akauliza.

"Mama Jerida," wakamwambia.

"Aiya! Huyu?" akasema Mama Njeri. "Huyu atatuoza sisi wote kabla jua halijaenda."

"Soma yenye imeandikwa," Senge akaniambia, maana ameshasimuliwa yote. "Usitie chumvi."

Nikaapa. Nikatia makaa ndani ya pasi, shati jeupe la bwana mbele yangu tayari, na kitabu nikakisimamisha kwenye ukuta nikakiegemeza kwa sabuni. Nikaanza. Baba mdogo wa kwanza akasema. Wa pili akasema. Tabitha amesimama mlangoni, barua ya shule mkononi, anamtazama mama yake. Na mama yake anamenya ndizi. Nikafunua ukurasa. Baba mdogo wa tatu akasema, mama anamenya ndizi. Mwandishi hakumpa hata "ehe" moja.

Nitakuambia kilichonipata hapo. Ulimi uliniwasha. Wewe hukuwepo. Senge hajui kusoma. Ningeweza kumfanya Tabitha ainamishe kichwa aseme, "Ndiyo, baba zangu, nitaolewa," Senge afurahi, usiku tulale wote kwa amani. Au ningeweza kumtoa yule mama kwenye ndizi zake na kumpa hotuba ya kuangusha paa. Nilikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini nilikuona ulivyokuja siku ile na viatu vyako na kamasi zako, nikaona haya, nikasoma kama ilivyoandikwa.

"Ngoja," akasema Senge. "Ngoja kwanza. Huyu mama yuko hapo nyumba?"

"Yuko."

"Anasikia hawa wanaume?"

"Anasikia."

"Na anamenya ndizi."

"Anamenya."

Senge akaweka kikombe chini kwa nguvu, chai ikaruka. "Hiyo ndizi ni ya kulisha kijiji? Mtoto anaangalia yeye, anaangalia yeye, na yeye iko na mdomo! Hiyo mdomo ni ya nini? Ni ya kupuliza moto tu?"

Mama Njeri akageuza sikio lake zuri asikose neno. "Mimi nachukia yeye kuliko hao wanaume," akasema. "Wanaume wametumwa na mila yao, wamekuja, wamesema. Lakini huyu mama!"

"Kweli kabisa!" akasema Senge. "Mimi ningekuwa hapo ningempiga na hiyo ndizi."

Jerida, nilimtazama Senge nikidhani ananichezea. Wapi. Alikuwa amekasirika kweli, shingo imesimama. Yeye aliyetumwa kufanya kazi ile ile ya baba wadogo wa Tabitha, aliyekaa chumbani kwetu wiki nzima kwa kazi hiyo, hakuona hata kidogo. Watu wote karoni waliona. Walitazama mboga zao. Mama Njeri alinitazama mimi.

Nilisikia aibu ikinipanda miguuni. Si aibu ya Senge, yangu.

"Senge," nikasema, "huyo mama ni mimi."

"Wewe? Wewe umemenya ndizi gani?"

"Juzi Jerida aliniuliza niko upande gani. Nikamwambia alete makaa."

Senge akasogeza kigoda chake karibu nami. Halafu Mama Njeri akapiga kelele, "Mama Jerida, shati!" Nilikuwa nimeiacha pasi juu ya mgongo wa bwana. Nilipoiinua, alama yake ilikuwa imebaki pale, ya rangi ya chai, nzuri na kamili, mpaka kishikio kilikuwa kama kinataka kutokea. Siku nyingine ningelia. Leo niliona afadhali, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha simama na kuikamata ile pasi, na mtu akishasimama na pasi ya moto mkononi watu hunyamaza wakamsikiliza.

Nikasema, "Senge, kaka yako ameniachia neno, na nalitoa sasa mbele ya hawa. Jerida aende chuo. Yule kijana ni mzuri, mimi mwenyewe nampenda, na wazee wake nawaheshimu. Akiweza kungoja, tutafurahi. Akishindwa, hatutamlaumu. Lakini mtoto aende."

Hotuba ile nzuri niliyomtungia mama wa Tabitha haikuja hata neno moja. Yalikuja hayo tu.

Senge alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga tena polepole. "Hivyo ndivyo unasema?"

"Ndivyo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Sawa," akasema. "Mimi nimekaa hapa wiki mzima nakula chakula yenu. Nikisema, kaka yangu anakohoa. Nikisema, wewe unaongeza chai. Sasa ningerudi nyumbani niambie wazee nini? Kwamba nilipewa chai mingi? Mtu akitumwa anataka kurudi na jibu. Hii ni jibu. Siipendi, lakini ni jibu." Kisha akanielekeza kile kitabu kwa kidole. "Endelea. Huyu mwingine, ameongea?"

Nikaendelea. Hakuongea, Jerida. Sura ilikwisha anazitia ndizi chunguni, na Tabitha akatoka alfajiri peke yake bila mtu wa kumsindikiza. Senge alimtukana mwandishi kwa lugha ya nyumbani, maneno ambayo sikumtafsiria Mama Njeri, naye akasema ameyaelewa yote. Kesho Senge anapanda treni moja nawe. Amesema atawaambia wazee mwenyewe, na kwamba njiani utamsomea mpaka mwisho, na kama yule mama hatafungua mdomo kufikia Nakuru atashuka. Usiogope, hatashuka.

Atakusimulia haya yote, najua, na kwake yeye itakuwa ndiye aliyenilazimisha kusema. Mwache aseme hivyo. Kwa kiasi fulani ni kweli.

Kuna jambo moja ambalo nilidhani litakuja pamoja na lile neno, halikuja. Nilidhani nikishasema uende nitaona utakavyokuwa: nitakuona mbele ya darasa, nguo nyeupe, chaki mkononi, watoto wanaitika. Nimekaa hapa jioni nzima nikijaribu kukutunga, sikuwezi. Huenda ukaipenda kazi hiyo. Huenda ikakuchosha kabla ya Krismasi. Huenda yule kijana akaoa mwingine nawe ukalia mahali ambapo siwezi kukusikia, na hiyo ndiyo inayoniogopesha kuliko zote. Sijui, mwanangu. Ni mara ya kwanza sijui, na wala sitaki kubuni. Zipora nimemsamehe leo mchana, kama habari hiyo itakufurahisha. Bado naona mwalimu Yohana alionewa.

Shati nimemwonyesha memsahibu kabla hawajatoka. Alilitazama, akanitazama, akauliza nilikuwa nawaza nini. Nikamwambia binti yangu anakwenda chuo. Akasema mumewe ana mashati mengine.

Sasa nasikia gari lao linaingia langoni, kwa hiyo nakatisha. Nimeandika kurasa nyingi na jibu lako limo, lakini nimeona kitu nikiwa naandika. Kwa Senge nililisema. Kwa Mama Njeri na karo zima nililisema. Wewe uliyeuliza, bado ninakuandikia, na barua nayo ni namna nyingine ya kumenya ndizi. Basi hii nitaitia mfukoni mwako uisome treni ikishaanza kwenda. Jibu hutalingojea mpaka huko. Navuka uani sasa hivi, nije nisimame mbele yako nikuambie kwa mdomo wangu.

Mama yako